Kesho Saa Nne

Kwenye basi la Kahama kwenda Mwanza, mbele yangu walikaa wanawake wawili wasiojuana: binti aitwaye Sikujua, na Mama Ndaki, mfanyabiashara wa mchele. Tulipofika Kagongwa walikuwa wameshaulizana kila kitu.

"Kesho saa nne, hospitalini Mwanza, wananipandikiza kiinitete," Sikujua alisema. "Kilitungwa maabarani kutokana na yai langu na mbegu za mume wangu, wakakigandisha."

"Na mumeo yuko wapi?"

"Mgodini, Geita. Kanyimwa ruhusa."

"Basi ahirisha! Jambo kama hilo mtu haendi peke yake."

"Haiwezekani, mama. Nimetumia dawa wiki tatu ili mji wa mimba uwe tayari kesho. Siku ikipita, naanza upya."

"Mtoto amsubiri baba yake," Mama Ndaki alisisitiza. Mimi nilikuwa na maoni yangu, ila hakuna aliyeniuliza.

Sikujua akasema kwa sauti ndogo, "Hospitali wamesema niende na mtu. Mama, unaweza kunisindikiza?"

Mama Ndaki aligeukia dirishani. Basi likapunguza mwendo, likasimama.

"Mimi nashukia hapa Tinde, mwanangu, sifiki Mwanza," alisema, akainuka.