Zimwi Aliyeomba Radhi: Kumuaga Minegishi Tatsuo

Baada ya miaka arobaini na mmoja ndani ya ngozi ya mpira, Bwana Minegishi Tatsuo anastaafu rasmi tarehe 31 Machi. Kuanzia Aprili mosi, Dorogama, zimwi wetu wa filamu, chura mkubwa kuliko jengo la posta, atatafuta mtu mwingine wa kumvaa. Tunamwonea huruma mtu huyo.

Alikuja studio kupaka rangi vile vijumba vya mfano tunavyovibomoa kwenye filamu. Siku moja aliyekuwa akimcheza Dorogama alizimia kwa joto, ikaonekana Minegishi ana mabega ya kutosha. Aliambiwa ni kwa asubuhi hiyo tu. Tangu hapo ameponda madaraja, ametafuna treni, na kila jioni amerudi kwake kwa treni, amesimama, maana huona haya kumnyima mtu kiti.

Mimi ndiye ninayemfunga zipu mgongoni, kwa hiyo siri zake ninazo. Huweka plamu ya chumvi, tunda dogo lililokaushwa, shavuni ili joto lisimwangushe. Tena huimba humo ndani, na huimba vibaya.

Lakini haondoki mtu hapa bila kukumbushwa kisa cha kuinama. Kwa muda mrefu watoto waligombana shuleni: Dorogama wetu na Yaribane, ndege wa studio ya ng'ambo ya mto Tama, wakikutana nani atamla mwenzake? Hatimaye wakubwa wa pande mbili wakaamua kuwakutanisha katika filamu moja. Walikubaliana yote isipokuwa nani ashindwe. Ikabidi mazimwi wote wawili wapigane, kisha waanguke baharini pamoja huku mji ukiteketea nyuma yao. Na mji wa kuchoma, wa vijumba vile, ulikuwa mmoja tu.

Moto ukawashwa. Ndani ya Yaribane alikuwemo Ogata Kiyoharu, kijana mwembamba ambaye Minegishi alikuwa amefahamiana naye asubuhi ile ile. Minegishi, anayeona kupitia tundu dogo kooni mwa chura, akarusha ngumi ya kuigiza ikampata Ogata kwelikweli. Akamsikia akiguna. Basi mikono ikashuka, mgongo ukapinda, na Dorogama, mla treni, akainama kuomba radhi. Yaribane naye, kwa kuwa alilelewa akaleleka, akainama. Dorogama alipoona ameinamiwa chini zaidi, akainama tena.

"We Minegishi!" Shibukawa, mwongozaji wetu, alipiga kelele. "Umechoma mji mzima, halafu unaomba radhi kwa ngumi moja?"

"Samahani sana, bwana mwongozaji!" ilijibu sauti kutoka ndani ya mpira, na chura akamwinamia naye pia.

Hakuna aliyecheka. Mji ulikuwa majivu, kwa hiyo picha ile ilibidi itumike hivyo hivyo, na wenzetu wa ng'ambo wakalalamika kwamba zimwi wao amedhalilishwa. Shibukawa akamwambia Minegishi avue ngozi aende nyumbani; watazamaji wakizomea, asirudi. Mkewe alikuwa mjamzito. Majira yote ya baridi tuliogopa kumtazama usoni.

Siku ya kwanza ya maonyesho, ukumbi ulifurika watoto waliokuja kuona mtu akichanwachanwa. Mazimwi wakainamiana. Kisha msichana mmoja wa safu ya mbele akasimama, akaiinamia skrini, na safu yake yote ikamfuata. Nililia, na sioni aibu kusema. Hapo nilielewa kwa nini watu hukimbilia filamu zinazokutanisha hadithi mbili. Tunasema tunataka kujua nani mbabe. Kumbe tunataka kuona kama wale tunaowapenda, wa huku na wa kule, watatambuana. Zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Filamu ilijaza kumbi hadi maua ya masika. Shibukawa mwenyewe alimpigia Minegishi simu arudi, na tangu siku hiyo husema kuinama kulikuwa wazo lake. Tumemwachia.

Bwana Ogata yupo nasi leo, na bado anadai ngumi ile haikumuuma.

Asante, kaka Tatsuo, kwa jasho, kwa miji yote uliyotubomolea, hata kwa nyimbo. Uwe na afya, ucheke na wajukuu, na kwenye treni ukae, tafadhali. Sasa studio nzima itasimama na kukuinamia. Tunakujua: usiturudishie. Miaka yote hii umekuwa wewe wa mwisho kuinuka. Leo tuachie sisi.