Pafu Alilolionesha Mama Limi

Mwangaluka, wasikilizaji wapendwa. Leo tunamkumbuka Paskazia, Mama Limi, wa machinjio madogo ya Kagongwa. Presha imemchukua. Tumemzika Jumamosi.

Kazi yake ilikuwa kushika simu. Mkaguzi wa nyama, Dokta Rebeka, yuko Kahama, na machinjio anayohudumia ni mengi. Basi Mama Limi alipasua pafu na ini mbele ya kamera, Dokta akatazama huko huko aliko. Akisema safi, muhuri unapigwa. Akisema mbovu, nyama inazikwa. Lakini simu huona kile tu inachooneshwa. Shikeni hapo.

Asubuhi moja ng'ombe alikuwa wa Donatus, shemeji yake mwenye bucha. Mama Limi alikuwa mjane. Alilala nyumba ya Donatus, alikula chungu cha Donatus. Mimi pia ni mjane, wapendwa. Nakijua chungu hicho.

Pafu likatoka limejaa vinundu vya usaha. Donatus akaegemea mlango, ukajifunga.

"Shemeji, onesha lile la ng'ombe wa Jilala, aliyechinjwa mapema. Si hilo hapo, safi?"

"Dokta je?"

"Dokta yuko Kahama! Atanusa kwenye simu? Hutoki humu."

Wachinjaji wakacheka. Kwenye simu Dokta akaita, "Mama Limi, mbona naona sakafu tu?"

Mlango ni mmoja. Shemeji kauziba. Na jioni atarudi kulala kwa huyo huyo shemeji, yeye na mwanawe. Aende wapi?

Binti yake Limi ananiambia, "Mama alisema alisali kimoyomoyo, akageuza simu." Akaonesha pafu lenyewe. Ng'ombe mzima akazikwa.

Donatus hakumfukuza. Afadhali angemfukuza. Alimnyamazia. Ua mmoja, salamu hakuna, mpaka mama wa watu amekufa. Na kila asubuhi Mama Limi alirudi mlango ule ule wa machinjio.

Msibani Donatus akatoa ng'ombe wa kulisha waombolezaji. Simu akaishika mwenyewe. Jilala, yule mwenye ng'ombe safi wa siku ile, alikuwepo, akichuna. Anasema pafu lilipopasuliwa, vinundu tena. Masufuria yalishainjikwa. Donatus akasogeza simu karibu.

"Dokta, tazama hapa. Hapa hapa."

Tulikula maharage, wasikilizaji wapendwa. Donatus alikula akiwa amelielekea kaburi.

Pole sana Limi. Pole Donatus, nawe umefiwa. Mungu ampokee Mama Limi. Na wewe unayenisikiliza, kabla hujabariki chakula chako leo, jiulize: simu ingekuwa mkononi mwako, ungeielekeza wapi?