Tryphena Kasyoka Mumo na Lango la Silanga la Salaita

Marehemu Tryphena Kasyoka Mumo, Mama Elsie kwa wengi wetu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 huko Njukini, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Katuku, mnunuzi wa maharagwe, na marehemu Mama Peris. Sokoni babake alimfunza jambo moja: gunia usiliamini mpaka umeingiza mkono hadi chini. Hilo alilishika maisha yake yote.

Alisoma shule ya msingi hapo Njukini, akamaliza kidato cha nne mwaka wa 1976, kisha akasomea kazi ya maabara Mombasa. Kuanzia Januari 1980 hadi alipostaafu Machi 2018, alikuwa mtunza maabara katika shule ya sekondari mjini Voi. Wanafunzi walimwogopa kuliko walimu. Ukivunja chupa, vipande ulivifagia mwenyewe, naye amesimama hapo anakuangalia.

Tarehe 20 Agosti 1983 alifunga ndoa na Nicholas Mumo, fundi wa pampu za maji. Walijaliwa watoto wawili, Elsie na Hillary. Baada ya kustaafu walihamia shamba lao Salaita, karibu na silanga, lile bwawa la kuchimbwa linalonywesha mifugo ya kijiji kizima.

Ndipo ukaja ukame wa 2022. Mvua ya mwisho ilikuwa imekokota samadi na mbolea za mashambani hadi mle ndani, na maji yakapungua, yakasimama. Kufika Oktoba uso wa bwawa ulikuwa kijani, mzito kama rangi ya kupaka mlango. Watu walifurahi. Nchi imekauka hivyo, nani angeona kitu cha kijani akakiogopa? Jirani yao, Silvanus Maundu, aliwapeleka mbuzi wake upande ambao upepo ulirundika kijani kingi zaidi, akisema hapo ndipo pana lishe. Kabla ya jua kutua, mbuzi wanane walikuwa wamelala, miguu imenyooka.

Tryphena alijaza maji kwenye chupa, akaenda nayo shuleni Voi kuomba hadubini yake ya zamani. Elsie, aliyekuwa naye siku hiyo, anasimulia kwamba mamake aliinama pale muda mrefu, akizungusha lenzi. Ndani ya tone moja mlikuwa na shanga za kijani zisizohesabika, zimeungana minyororo kwa minyororo. Mwani, vijimea vya majini. Kimoja kimoja hukioni kwa macho, na vimeangusha mbuzi wanane.

"Vinakula jua na uchafu wetu, basi," alisema hatimaye. "Siku kumi tu, vimejaza silanga zima. Nguvu yote hii, Elsie, yaani imelala hapo tu?"

Daktari wa mifugo alithibitisha kuna sumu, akaonya kwamba hata kuchemsha maji hakuiondoi. Nicholas akafufua kisima cha zamani kilicho mbali na silanga, akafunga pampu. Tryphena akazungushia silanga ua wa miiba, akatia lango na kufuli. Kisima kilikuwa na foleni ndefu, na Silvanus, ambaye bado alishikilia kwamba mbuzi wake waliuawa na homa, alimfokea mbele ya watu.

"Mama Elsie, Mungu ametupa maji, wewe unatia kufuli?"

"Baba Ronald, kikombe hiki hapa. Kunywa wewe kwanza, mbuzi watafuata."

Hakunywa.

Lakini marehemu alikuwa mtoto wa soko. Kitu chenye nguvu vile hangekiacha kioze bure. Alivaa glavu, akaukusanya mwani kwa chandarua, kisha akamwendea Silvanus yule yule: "Wewe leta samadi, mimi nilete mwani, Kavinya apate moto." Walivichanganya ndani ya mtambo wa biogesi uliofunikwa vizuri. Kavinya, mkewe Silvanus, aliapa hatakula ugali wa vyura. Wiki ya nne moto ukawaka, wa bluu, bila moshi hata kidogo. Samadi peke yake ilikuwa inachemsha chai; pamoja na mwani iliivisha githeri ya watu kumi. Watu wazima walisimama mbele ya jiko hilo kama wako kanisani. Kavinya alikula sahani mbili. Ila masalio ya mtambo marehemu alikataa katakata yasimwagwe kwenye mboga za sukuma mpaka yapimwe. Mkono hadi chini ya gunia.

Februari 2024 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa moyo. Tarehe 2 Agosti 2025 alilazwa hospitalini Voi. Silvanus alipomtembelea hakumficha: mvua imekosa tena, silanga limegeuka kijani, na wapo wanaosema akishaondoka lango lifunguliwe. Tryphena alitoa ufunguo chini ya mto akamwekea mkononi.

"Mimi tena? Mimi niliyekutukana?"

"Wewe ndiwe uliyezika mbuzi wanane. Wewe hutasahau."

Alifariki tarehe 9 Agosti, saa nne asubuhi, akiwa na miaka 67. Ameacha mume, Nicholas, watoto, Elsie na Hillary, mkwe, Immaculate, wajukuu watatu, Shanice akiwa wa kwanza, na nduguye, Donald Katuku.

Chai mliyokunywa leo asubuhi, nyote mlio hapa, imechemshwa kwa moto wa mwani wa silanga lile. Silvanus yuko mstari wa pili, ufunguo uko shingoni mwake, na ameomba iandikwe hapa kwamba hafungui mpaka maji yapimwe.

Mama Elsie, pumzika kwa amani. Lango limefungwa.