Profesa Perpetua Adeke Mulama, Aliyeipima Butula Mara Mbili
(3 Juni 1956 – 11 Machi 2025)

Jumapili ya tarehe 3 Juni 1956, Wakatoliki wa Chakol walikuwa bado kanisani wakiwakumbuka Mashahidi wa Uganda wakati Mama Akiteng, mke wa Mzee Paskali Okwakol, alipojifungua mtoto wake wa nne kati ya saba. Mama huyo alikuwa amelala na homa kwa wiki mbili. Kwa hiyo mtoto akaitwa Adeke, jina ambalo Wateso humpa aliyezaliwa wakati wa ugonjwa, na padri akamwongezea Perpetua, maana yake wa kudumu. Marehemu aliyapenda majina yote mawili. Alisema moja lilimkumbusha kazi, na jingine lilimkumbusha kwamba kazi haiishi.

Baba yake alikuwa karani wa kununua pamba katika ghala la ushirika karibu na Malaba. Shule zikifungwa, Perpetua aliketi juu ya magunia akiandika uzani ambao baba aliutaja kwa sauti ili kila mkulima aliye kwenye foleni asikie. Wakulima wengine waliimwagia pamba maji ili iwe nzito. Mzee Okwakol alitumbukiza mkono hadi chini ya gunia, akautoa umelowa, kisha akauliza kwa upole, "Mzee, hii mvua imenyesha kwako peke yako?" Foleni nzima ilicheka, hata mwenye gunia. Harufu ya ghala lile, ya pamba na mafuta ya taa, Perpetua aliikumbuka maisha yake yote. Kila alipopita Malaba alimwomba dereva apunguze mwendo penye uwanja ambapo ghala lilikuwa, ingawa sasa pana maduka ya simu na vyumba vya kulala madereva.

Alisoma shule ya msingi Chakol kuanzia 1963 hadi 1969. Akiwa darasa la tano alianza kuandika, nyuma ya daftari lake la hesabu, majina ya wanafunzi waliokosa shule na siku waliyokosa. Mwalimu wake, Bwana Odeke, alidhani ni orodha ya kuwasengenya wenzake, akamwita mbele aisome. Perpetua, ambaye hakuwa msemaji, alisoma kwa sauti ndogo sana: wavulana walikosa siku yoyote, lakini wasichana walikosa siku za soko. Mwalimu Odeke alienda na daftari hilo kwenye mkutano wa wazazi. Muhula uliofuata wasichana wanne walionekana darasani hata siku za soko. Perpetua alipenda kusema kwamba huo ndio utafiti wake wa kwanza, na ndio pekee ambao haukuhitaji kibali.

Alijiunga na shule ya bweni ya wasichana mwaka 1970, akamaliza kidato cha sita mwaka 1975, kisha akasomea hisabati na takwimu katika Chuo Kikuu cha Nairobi kuanzia 1976 hadi 1979. Alipata shahada ya uzamili ya takwimu za tiba nchini Uingereza mwaka 1983, na ya uzamivu mwaka 1993. Katika barua alizomwandikia mama yake kutoka Uingereza hakulalamikia baridi. Alilalamika kwamba watu wa huko hula wakitembea.

Mwaka 1982, akiwa mtakwimu katika idara ya afya, alitumwa Butula kukagua madaftari ya kliniki. Wino wake uliisha, akaingia shule iliyokuwa jirani kuomba kalamu. Mwalimu wa jiografia, Gabrieli Mulama, alimpa kalamu mbili, ili awe na sababu ya kuja kurudisha mara mbili. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 15 Desemba 1984. Baadhi ya wazee wa Butula walinung'unika kwamba kijana wao amevuka wasichana wote wa Kimarachi, watu wa kwao, akaenda kuoa Mteso, tena mwenye vyeti. Mama mkwe, Mama Nasimiyu, aliwanyamazisha kwa kumsalimia bibi harusi mbele ya umati kwa Kiteso, "Yoga," neno pekee alilolijua, ambalo alikuwa amelifanyia mazoezi wiki nzima. Tangu siku hiyo mama mkwe na mkwewe walikuwa kitu kimoja. Mungu aliwajalia Perpetua na Gabrieli watoto watatu: Levis, Vivianne na Sharlyne.

Mwaka 1993 marehemu alianza kufundisha chuo kikuu mjini Eldoret. Wakati ule watafiti wengi walihesabu njaa na maambukizi. Yeye alianza kuuliza kuhusu unene. Alikuwa ameona wanawake wa mijini wakipata kisukari na shinikizo la damu, akataka kujua kama hali hiyo imefika mashambani. Kati ya Februari na Aprili 1998 alipima wanawake 1,140 wa Butula katika viwanja vya makanisa. Msaidizi mmoja alisoma mizani na kuutaja uzani kwa sauti, mwingine akiwa mezani aliandika. Njia hiyo aliirithi kwa baba yake ghalani, na aliiamini.

Matokeo yalishangaza. Wanawake wanne kati ya kumi walionekana wazito kupita kiasi. Makala yalichapishwa katika jarida la tiba mwaka 1999, akaalikwa kuzungumza nchi tatu, na jina lake likapelekwa kwenye kamati ya kupandisha wahadhiri kuwa maprofesa. Wakati huohuo mpango mmoja wa lishe ulitaja makala yake katika pendekezo la kuacha kutoa unga wa uji kwa akina mama waliokonda katika kliniki za huku kwetu. Kama Butula imenenepa, walisema, unga upelekwe kwingine.

Agosti 2000 Mama Nasimiyu aliugua malaria, akapelekwa hospitali mjini Busia. Muuguzi alimpima: kilo 58. Perpetua alikumbuka vizuri kwamba miaka miwili nyuma, katika uwanja wa kanisa, sauti ilitaja 66. Hofu ilimwingia. Miaka hiyo ya UKIMWI mtu aliyekonda alizikwa kwa minong'ono kabla hajafa. Aliagiza damu ipimwe, kifua kipigwe picha, tumbo likaguliwe. Kila jibu lilirudi safi, na kila jibu safi lilimwongezea wasiwasi. Mama mkwe alivumilia sindano kwa wiki mbili. Siku moja, wakiwa jikoni wanachambua mboga, alimwona mkwewe anafuta machozi kwa kiganja, akashindwa kuendelea.

"Mama Levis, wacha kunitafutia ugonjwa," alisema. "Zile kilo hazikuwa zangu."

Akaeleza. Siku ile ya kupimwa alivaa gomesi, lile gauni refu la akina mama, na ndani yake, chini ya ule mshipi mpana, alikuwa amejifunga jiwe dogo la kusagia wimbi na vichwa viwili vya jembe. Perpetua alimwuliza kwa nini.

"Mlikuwa mnatangaza," Mama Nasimiyu akajibu. "Sasa niitwe hamsini na kitu mbele ya kanisa zima, na mke wa mtoto wangu ndiye daktari? Wangesema unakula peke yako."

Perpetua alimwuliza kama ni yeye tu. Mama alicheka kwa huruma. Alisema kwamba jiwe la kusagia halikupatikana kwa jirani wiki ile. Mwanamke mwepesi alimwaibisha mumewe, au alishukiwa kuwa na ule ugonjwa, kwa hiyo kila mmoja alijazia alivyoweza.

Waliomjua marehemu wanajua kwamba hakupandisha sauti. Aliendelea kuchambua mboga hadi zikaisha. Jambo lililomuuma kuliko yote, alikuja kusema baadaye, ni kwamba yeye alikuwa binti wa karani wa pamba. Alikulia juu ya magunia yaliyolowa, akajua tangu utotoni kwamba uzani unaotangazwa ni uzani unaotafutiwa dawa, lakini akasahau, kwa sababu safari hii waliosimama kwenye mizani walikuwa watu wake.

Mwenzake mmoja kazini alimshauri asubiri. Kamati ingekaa Novemba, hakuna mwingine aliyejua, na kosa lingeweza kusahihishwa polepole baadaye. Mumewe alimwuliza swali moja tu, unga wa uji ungekatwa lini. Pendekezo lilikuwa lijadiliwe mwezi wa kumi. Tarehe 4 Septemba 2000 Perpetua aliliandikia jarida kwamba makala yake yaondolewe, akaeleza kwamba baadhi ya wapimwa walibeba vitu vizito na kwamba kosa lilikuwa la mpangilio wake mwenyewe. Nakala alizipeleka kwa mkono kwa wahusika wa mpango wa lishe na kwa kamati ya chuo. Jina la Mama Nasimiyu hakuliandika popote. Unga haukukatwa. Uprofesa haukuja, na mialiko ilikoma kwa miaka mingi.

Mwaka 2002 alirudi Butula kupima upya. Safari hii palikuwa na pazia, kila mwanamke alibadilisha nguo akavaa leso nyepesi aliyopewa, na nambari ilisomwa kimya na kuandikwa na mtu mmoja. Alipima pia kiuno kwa utepe. Inasemekana katika kanisa la kwanza foleni ilisimama hadi Mama Nasimiyu alipotangulia. Alitoka nyuma ya pazia akawatangazia wenzake kwamba huko ndani hakuna kelele, waingie walivyo. Walionenepa kupita kiasi hawakufika wawili kati ya kumi. Lakini alipoendelea kupima karibu na barabara kuu, kuanzia Busia hadi Malaba, viuno vilikuwa vinaongezeka, na marehemu alivifuata kwa miaka kumi na sita. Kazi hiyo ndiyo iliyompa uprofesa mwaka 2008, na ndiyo inayofundishwa leo.

Mwaka 2011 alipima madereva wa malori waliokuwa wakisubiri kuvuka Malaba. Dereva mmoja aliyekuwa amekwama siku tano alitazama utepe ukimzunguka, akasema, "Daktari, hii si tumbo. Hii ni foleni." Profesa aliliandika jibu hilo neno kwa neno, na kutokana nalo akaongeza swali ambalo hakuwa nalo: mtu amekaa hapa siku ngapi? Swali hilo lilieleza mengi kuliko chakula.

Wanafunzi wake wanakumbuka kwamba ukimpelekea matokeo mazuri hakusifu kwanza. Aliuliza, "Wewe ulikuwa umesimama wapi akipimwa?" Asiyejua alirudishwa Adungosi, au Chakol, au popote alipotoa nambari zake, akasimame tena. Wengi walimnung'unikia. Kumi na wanne kati yao sasa ni madaktari wa falsafa, na waliobeba jeneza lake leo asubuhi ni hao walionung'unika zaidi.

Alistaafu mwaka 2021 akarudi nyumbani Butula, akapanda wimbi, jambo ambalo majirani walilichekelea kwa sababu siku hizi kila mtu anapanda miwa. Julai 2024 alianza kupata shida ya kumeza, na mjini Eldoret akagunduliwa kuwa na saratani ya umio. Alitibiwa hadi Desemba. Mwezi wa Januari mwaka huu aliomba arudishwe nyumbani.

Tarehe 20 Februari aliomba asomewe rasimu ya wasifu huu. Alisikiliza akiwa amefumba macho hadi palipotoka 1997 kwenda 2002, akainua mkono.

"Hapo mmeruka," alisema. "Hiyo miaka nilikuwa wapi?"

Familia ilikuwa imekubaliana kuyaacha mambo hayo. Shemeji yake, Bwana Protus Oduori, alimwambia kwa heshima kwamba matangani watu huja kulia, hawaji kusahihisha. Tena wanawake waliobeba mawe bado wapo, na wengine watakuwa wameketi viti vya mbele. Marehemu alijibu kwamba ni kweli, na kwamba yeye hana haki ya kuwaaibisha. Kwa miaka ishirini na mitano alikuwa amelibeba kosa peke yake ili lisimguse mtu mmoja, na kama mtu huyo hataki lisomwe, basi liachwe. Lakini aulizwe.

Mama Nasimiyu ana miaka tisini na mmoja. Aliletwa kwa kushikwa mikono miwili, akaketi ukingoni mwa kitanda, akasomewa ile miaka iliyorukwa, ikiwa sasa imeandikwa bila jina lake, pamoja na ile barua ya Septemba 2000 ambayo hakuwahi kuijua. Hakujua kwamba uprofesa ulichelewa miaka minane kwa sababu mkwewe hakunyamaza, wala kwamba katika barua yote hiyo jina lake halikutajwa. Aliupapasa mkono wa mgonjwa. Kisha akamgeukia aliyeshika karatasi.

"Andika Nasimiyu," alisema. "Umeandika mtu mwingine, mtu mwingine. Huyo mtu alikuwa na jina, na huyu mtoto alimficha. Andika, usome na sauti."

Profesa Perpetua Adeke Mulama aliaga dunia Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, saa nne asubuhi, katika hospitali mjini Busia alikopelekwa hali ilipozidi, mumewe na binti zake wakiwa kando yake. Alikuwa na umri wa miaka 68.

Kwa desturi orodha ya waliobaki huanza na mume. Mwalimu Gabrieli Mulama ameomba ianze na mama yake. Marehemu amemwacha mama mkwe wake, Mama Nasimiyu; mumewe, Mwalimu Gabrieli Mulama; watoto wake Levis, Vivianne na Sharlyne; wajukuu watano; dada wawili na kaka mmoja huko Chakol; shemeji, mabinamu, wanafunzi, na akina mama wa Butula aliowapima na kuwaheshimu.

Bwana ampokee na kumpa pumziko jema, na udongo wa Butula umlalie mwepesi.