Mama Pasi na Ufunguo Wake

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nasimama mimi mpwa wake kuwasomea safari ya mama yetu mpendwa, ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa jina la Mama Pasi, na mniwie radhi nikitabasamu, maana mwenyewe alishakataza historia ya kuliza watu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1939, mtoto wa tatu wa seremala na mshonaji, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1947 hadi 1953, na tarehe 2 Januari 1958 akaajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali, alikopiga pasi mashuka ya wagonjwa hadi alipostaafu mwaka 1994 akiwa msimamizi. Huko ndiko alikotoka na ile tabia yake, kwamba shuka ulilokunja vibaya atalikunjua na kulikunja upya mbele ya macho yako, hata kama wewe ni mgeni uliyepita kusalimia tu.

Alifunga ndoa tarehe 9 Septemba 1961 na dereva wa gari la wagonjwa wa hospitali hiyohiyo, wakajaliwa watoto watatu, na mumewe alipotangulia mwaka 1998 alibaki peke yake kwenye nyumba yao ya ghorofa ya pili, akipanda ngazi na kapu lake, na kila alasiri akicheza drafti na fundi cherehani wa pale chini, ambaye yupo hapa na ni shahidi kwamba mama huyu alimla kingi bila huruma.

Julai 2016 aliteleza bafuni, akavunjika nyonga, akafanyiwa upasuaji, na binti yake wa kwanza, kwa mapenzi tu, akamhamishia kwake, akauchukua ufunguo wa nyumba, akasema mama sasa apumzike. Jamani, kumwambia Mama Pasi apumzike ilikuwa sawa na kumtukana! Alilia, yeye ambaye hata msibani kwa mumewe alijikaza, akasema mfupa utaunga, lakini mtu akizoea kuletewa maji husahau mtungi ulipo.

Basi akamng'ang'ania mtaalamu wa mazoezi ya viungo mpaka akamfundisha, akawa anainuka kitini bila kushika kitu, anasuuza vikombe akiwa amesimama kwa mguu mmoja, na akili nayo akainoa kwa kuwataja wenzake wote wa kazini, meza kwa meza. Binti akaweka sharti, kwamba akiweza kwenda dukani mwenyewe na kupanda ngazi za kwake na kilo ya sukari, ufunguo atarudishiwa. Alifika juu na kilo mbili, anahema, anacheka, akasema moja ni ya bintiye, maana amekonda kwa kumchunga mtu mzima.

Mwaka huu moyo ulianza kumsumbua, kliniki akawa anakwenda kwa miguu yake, na tarehe 6 Mei 2024 fundi alibisha hodi bila kuitikiwa, akamwita binti, aliyefungua kwa ufunguo wa akiba aliopewa na mama mwenyewe, wakamkuta ametulia kitini, drafti imepangwa tayari.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, mtaalamu wa viungo aliyevumilia ubishi wake, majirani, na wenzake wa chumba cha kufulia, Mungu awazidishie.

Nguo alizofua asubuhi ile zilikuwa zimekauka kambani, binti yake akazianua, akazikunja, akazikunjua na kuzikunja upya mpaka pembe zikakutana. Pumzika kwa amani, Mama Pasi, na leo tu, tafadhali, kubali kubebwa.