Picha Arobaini za Ng'ombe

Basi letu kutoka Majimoto lilikuwa linaingia Mpanda. Mbele yangu, mama mmoja wa Kisukuma alikuwa ameomba arushiwe video ya kwaya na jirani yake wa kiti, fundi cherehani.

"Simu yako ilikuwa imejaa, mama," fundi alimwambia. "Nimekufutia zile picha arobaini za ng'ombe mmoja, mpaka kwenye takataka nimesafisha."

Mama alishika kichwa. "Ng'ombe mmoja? Hao ni ng'ombe arobaini, baba! Wameibiwa juzi, naenda kuwaonyesha polisi!"

"Mungu wangu! Si wote wekundu?"

"Na wanao wote si weusi? Unawachanganya?"

Niliacha kutafuna karanga zangu.

"Kituo cha polisi, shusha!" akaita konda.

Fundi alimrudishia mama simu. Kwaya ilikuwa imeingia yote.