Dakika Arobaini za Kinu cha Gololi

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, yule seremala, na familia imenituma nisome historia yake, ingawa jana ofisi ya kiwanda ilituletea nyingine iliyokwisha kuchapwa, pamoja na shada la maua, na ndani yake imeandikwa kwamba dada alifariki kwa uzembe wake mwenyewe. Shada tumelipokea, karatasi tumeirudisha.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1979, katika nyumba ya chumba na sebule nyuma ya karakana ya reli, akiwa wa kwanza kati ya watoto watatu, akasoma shule ya msingi kuanzia 1987 hadi 1993, sekondari hadi 1997, kisha chuo cha ufundi wa maabara, alikohitimu Novemba 2000, mwanamke pekee darasani na wa kwanza kwa alama, jambo ambalo hakuacha kutukumbusha kila tulipobishana naye.

Tarehe 5 Februari 2001 aliajiriwa katika kiwanda cha rangi za nguo, akaanza kwa kuosha vyombo, akapanda hadi kuwa fundi mkuu wa kinu cha gololi, yaani lile kopo kubwa la chuma linalotiwa gololi za chuma na kuzungushwa kwa kasi. Wataalamu walimwambia kwamba kinu hicho ni cha vitu vikavu, na kwamba ukitia kimiminika gololi zitapiga kama mtu anayerusha ngumi ndani ya maji, lakini yeye alipunguza kimiminika, akachagua gololi nzito zaidi, akajaribu miezi saba, mpaka mwaka 2012 rangi iliyokuwa ikichemshwa siku mbili ikapatikana kwa saa tatu bila moto, kwa mapigo na msuguano wa gololi peke yake. Ni yeye pia aliyegundua kwamba mle ndani hujaa gesi, hivyo kopo lazima lipoe dakika arobaini kabla ya kufunguliwa, akaiandika sheria hiyo kwa mkono wake na kuibandika ukutani.

Tarehe 7 Disemba 2002 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi viatu, ambaye alikiita kinu hicho mume mwenza, akilalamika kwamba mwenzake anapewa muda mwingi kuliko yeye, na wakajaliwa watoto wawili, wa kike mwaka 2004 na wa kiume mwaka 2008.

Mwaka jana oda ziliongezeka, meneja akaibandua karatasi ya dada, akabandika yake, dakika kumi. Dada alikataa kwa mdomo, akakataa kwa barua mbili, nakala ninazo hapa mfukoni, akajibiwa kwamba anajifanya mjuaji, na kwamba asiyetaka kufungua kopo, mlango wa kutokea uko wazi. Tarehe 6 Mei mwaka huu, saa tano asubuhi, msimamizi alisimama mlangoni akiitazama saa yake, dada akamtoa nje mwenzake aliyekuwa naye zamu, akafungua peke yake, kifuniko kikaruka, na kimiminika cha moto kikamuunguza uso, kifua na mikono.

Alilazwa hospitali siku kumi na tisa, mikono imefungwa bandeji, na barua ya kumtuhumu uzembe ikamfuata hadi kitandani, akaniomba nimsomee, nikamsomea, jambo ninalolijuta mpaka leo, kwa sababu siku zote zile hakulia kwa maumivu, alilia kwa neno lile. Alifariki tarehe 25 Mei, saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya walioungua, majirani waliopika na kulala nasi, na wafanyakazi wenzake, hasa yule aliyetolewa nje, ambaye juzi alitia sahihi maelezo ya yote aliyoyaona, akijua fika kwamba kazi yake iko hatarini. Meneja, uliyeketi mstari wa pili, wewe sikushukuru, nina hasira nawe na sioni haya kulisema mbele ya jeneza hili, maana nimeambiwa kwamba jana, wakati maua yako yanaletwa kwetu, kinu kile kilifunguliwa tena baada ya dakika kumi, na aliyeshika spana ni mama wa watu.

Dada, mzembe si wewe. Pumzika kwa amani.